Ngazi za Kipande

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi leo. Daftari hili nimelinunua njiani kwa sababu naogopa kusahau. Mambo makubwa hunikaa kichwani. Ninachoogopa ni kusahau nani aliniambia nini, saa ngapi, na mimi nilijibu nini.

Ofisi yetu ni kontena lililotobolewa madirisha mawili. Barabara yenyewe ni fupi kiasi cha kuchekesha: kilomita mbili na mita mia tatu, kutoka barabara kuu ya kaskazini hadi ile ya uwanja wa ndege. Kwenye makaratasi inaitwa Barabara Unganishi Namba Nne. Watu wanaiita Kipande. Ikifunguliwa tarehe 26 Aprili, malori hayatazunguka tena katikati ya jiji.

Kazi yangu ni rejista. Kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi, naandika mvua, vibarua, mashine, na maji yaliyosimama kando ya tuta. Jani la juu ni jeupe, la chini ni la njano, katikati kaboni. Majani meupe huenda kwa mkaguzi wa jiji kila Ijumaa. Kosa halifutwi; linapigwa mstari mmoja, lililo sahihi linaandikwa juu yake, na karani anatia saini. Kifungu cha tisa cha maelekezo kinasema maji yakizidi mita moja, karani amwarifu mkaguzi siku hiyo hiyo. Nimekikariri.

Mhandisi ni mzee mpole anayekuja na chupa yake ya chai. Aliniita "binti" na akanifutia kiti kwa leso yake. Nyapara wa vibarua hakunisalimu. Aliniuliza kama najua kutofautisha kifusi na udongo wa kawaida. Nilipokawia akasema, "Haya, elimu imefika," na vibarua wakacheka.

Jumanne, 4 Machi

Mvua milimita mbili. Sikukosea kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka majani meupe kwa mara ya kwanza. Mkaguzi ni mwanamke mfupi anayesoma kila mstari kwa kidole.

"Jana umeandika vibarua thelathini na mmoja. Siku nyingine zote ni thelathini. Huyu mmoja katoka wapi?"

"Aliazimwa kutoka kwenye greda."

"Basi andika hivyo. Namba isiyo na maelezo ni uvumi."

Nilitoka nikiwa nimelowa jasho. Niliporudi nikakanyaga kamba ya vipimo, na nyapara akapaza sauti ambayo nadhani ilisikika uwanja wa ndege: "Karani! Hiyo si kamba ya kuanikia nguo!" Mhandisi alinimiminia chai. Nimeshajua hapa kimbilio langu ni nani.

Jumatano, 12 Machi

Kwenye mita ya elfu moja na mia nne, Kipande kinakatiza bonde tunamoishi mimi na shangazi. Tuta pale ni refu kama nyumba. Ili watu wa bondeni wasikose njia yao ya kwenda sokoni, zimejengwa ngazi za zege: ishirini za kupanda upande wetu, ishirini za kushuka upande wa pili. Mimi hupita hapo kwenda kazini. Leo maji yalikuwa yamesimama chini ya ngazi, sentimita kumi na mbili.

Fundi redio, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye mtaa mzima unamwita Mawimbi, alikuwa kakaa mlangoni na redio iliyofunguliwa tumbo.

"Karani wa lami!"

"Naam, fundi."

"Nani aliwaambia hapa ni njia?"

"Si watu wanapita?"

"Kiangazi wanapita watu. Masika yanapita maji. Sasa nyinyi mmeyajengea maji ngazi. Yakijifunza kupanda msiseme hatukuwaambia."

Shangazi akatoa kichwa dirishani. "Mwache mtoto wa kaka yangu! Huyu hajajenga hata banda la kuku."

"Namtania tu, shemeji."

"Shemeji yako nani? Nitakumwagia maji ya vyombo."

"Ya nini, na ya serikali yapo mlangoni bure?"

Nilicheka nao. Kisha nikaandika 12.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua milimita 34. Maji 31. Ngazi mbili zimezama.

Jumanne, 25 Machi

Maji 45. Shangazi ameweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Anasema sasa akilala anaona kama yuko jukwaani.

Jumatano, 2 Aprili

Mhandisi alinituma kabatini nimletee jalada la vipimo vya kokoto. Nyuma yake kulikuwa na ramani iliyokunjwa, ya kwanza kabisa ya Kipande, ya miaka ishirini na minane iliyopita. Kumbe barabara hii ililala kwenye makabati muda wote huo. Mwezi ulioandikwa ni wa katikati ya kiangazi. Mahali pa ngazi zetu pamechorwa mstari wa nukta nukta, na kando yake maneno: njia ya miguu. Hakuna alama ya mkondo wa maji. Ramani zote zilizofuata zimenakiliwa kutoka hii.

Mwandiko niliutambua. Nauona kila siku chini ya rejista, Mhandisi anapotia saini, na ile "j" yake inayojikunja kama ndoano.

Niliikunja ramani nikairudisha. Nilimpelekea jalada. Akasema, "Ahsante, binti, umechelewa kidogo." Nikasema lilikuwa limejificha.

Jumanne, 8 Aprili

Maji 74. Lami imemwagwa hadi mwisho na mistari myeupe inapigwa. Inapendeza, siwezi kusema uongo. Vibarua wamevaa viatu vya kutembelea wakapigana picha juu yake.

Nyapara hupanda ngazi zilezile ninazopanda mimi. Leo alisimama katikati akayatazama maji muda mrefu. Akatema mate, akaenda zake. Sijui kwa nini hakupiga kelele. Hupiga kelele kwa kila kitu.

Jumatatu, 14 Aprili

Maji 96.

Naandika maneno kama yalivyosemwa. Baada ya chai ya saa nne Mhandisi alifunga mlango wa kontena, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Kesho yatazidi mita," alisema.

"Nadhani hivyo, mzee."

"Ukiandika namba, kazi inasimama. Kazi ikisimama, ufunguzi unaahirishwa. Ufunguzi ukiahirishwa, wanaanza kuuliza maswali. Ni siku kumi na mbili tu, binti. Kiangazi kikija tutalitoboa tuta na kuweka kalvati la kupitisha maji taratibu, na shangazi yako hatalowa tena maisha yake yote."

"Sasa niandike nini?"

"Andika hakuna."

Alifungua chupa yake ya chai akaifunga, akaifungua tena bila kumimina. Niliiona hofu yake, na badala ya kunipa ujasiri, ikaniambukiza. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu, na ni yeye atakayesema kama nina manufaa au sina. Lakini sitajidanganya humu: mkataba sikuukumbuka hadi nilipofika nyumbani. Pale pale niliogopa tu kumwambia mtu mzima "hapana" usoni.

Nikasema, "Sawa, mzee."

Jumanne, 15 Aprili

Rejista: Hakuna. Kweli: 104. Nitaandika ya kweli humu, angalau iwe imeandikwa mahali.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuna. 109. Nilipoandika, kalamu haikusita hata kidogo. Nilitegemea ingesita.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakuna. 118. Maji yameingia chumbani kwetu hadi kifundoni. Shangazi anapika juu ya meza, amevaa mabuti niliyomletea kutoka kazini.

"Mwanangu, huko ofisini kwenu wanajua?"

"Wanajua, shangazi."

"Ah, kama wanajua basi." Akageuza sufuria. Nilitamani angeniuliza swali la pili.

Ijumaa, 18 Aprili

Hakuna. 121. Nimepeleka majani kwa mkaguzi. Alipitisha kidole juu ya "hakuna" nne, akaniuliza, "Na hii mvua yote inakwenda wapi?" Nikasema udongo wa pale unakunywa. Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe. Hakuna aliyenituma kuitunga.

Jumamosi, 19 Aprili

Hakuna. 139.

Saa sita mchana ukuta wa Mawimbi ulianguka. Alikuwa anapandisha redio za wateja kwenye rafu ya juu zisilowe. Matofali yaliyokuwa yamekunywa maji kwa wiki tano yaliachia kuanzia chini, ukuta ukaja wote kwa pamoja na kumbana mguu. Nilifika kutoka kazini nikakuta watu wanaondoa tofali moja moja, maji yakiwafika magotini, na yeye anawaelekeza: "Polepole na hiyo ya kijani, ina mwenyewe!" Nilidhani anasema tofali. Alikuwa anasema redio.

Mguu umevunjika mahali pawili. Tulimbeba juu ya mlango wake, tukapanda naye ngazi zile hadi juu kwenye lami, kwa sababu gari la wagonjwa halikuweza kushuka. Ndilo gari la kwanza kupita kwenye Kipande.

Shangazi alinishika bega. "Wewe tetemeka baadaye. Shika kona ile."

Jumapili, 20 Aprili

Sikutoka. Sikula.

Jumatatu, 21 Aprili

152. Nilikwenda nikiwa nimeamua. Mhandisi alikuwa ameshakaa mezani kwangu, akichonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa. Akasema, "Nimesikia habari za jirani yako. Pole sana. Siku tano zimebaki." Alisimama nyuma yangu hadi nilipomaliza.

Hakuna.

Baada ya Mawimbi, bado niliandika hakuna. Naomba atakayesoma daftari hili asiruke mstari huu.

Jumanne, 22 Aprili

Najaribu kuandika kwa utaratibu.

Mvua ilianza alfajiri na ilikuwa haijapumzika. Saa mbili asubuhi nilisoma 171. Ngazi ya kumi na moja ilikuwa imezama. Nilipofika juu ya tuta nikasikia sauti ya nyapara kutoka upande wa pili, lakini safari hii haikuwa kubwa.

"Karani, njoo. Achana na viatu, njoo hivyo hivyo."

Nilishuka. Chini kabisa ya tuta, upande ambao hakuna maji yaliyosimama, palikuwa na kitundu cha unene wa kiwiko, na kutoka ndani yake maji yalibubujika, yana rangi ya udongo.

"Unaona rangi?"

"Naona."

"Yakitoka maji safi, tuta linatoa jasho, halina neno. Yakitoka ya tope, ni tuta lenyewe linaloondoka, kijiko kwa kijiko. Hili likiachia, yote yale ya kwenu yanashuka kwa mkupuo kwenye nyumba zile." Alinyoosha kidole. Kulikuwa na nguo za watoto zimesahauliwa kwenye kamba. "Mkaguzi amesema nini?"

Niliendelea kuzitazama zile nguo.

"Kifungu cha tisa. Ulimwarifu lini?"

"Sijamwarifu."

"Umekuwa ukiandika nini?"

"Hakuna."

Nilikaza mwili nikisubiri kelele. Hazikuja. Alivua kofia yake ngumu, mvua ikampiga kichwani, akaonekana mzee ghafla.

"Mimi nilidhani wanajua na wamepuuza," alisema. "Siku zote hizi napita pale, natema mate, nasema moyoni wakubwa wamepuuza. Kumbe hakuna aliyewaambia." Kisha akavaa kofia. "Tuta kama lingekatwa kwa mdomo, ningeshalikata na wangu huu. Lakini katapila haligusi lami bila karatasi ya mkaguzi, na yeye haitoi bila rejista, nayo unayo wewe. Nenda. Mimi nawatoa hawa." Akaanza kugonga milango, na safari hii kelele zake zilikuwa na kazi.

Nilikimbia hadi kontena. Nilifungua rejista, nikatoa daftari hili mfukoni, na siku kwa siku nikapiga mstari mmoja juu ya kila "hakuna" na kuandika namba yake. 104. 109. 118. 121. 139. 152. Saini sita. Mistari yangu haikunyooka. Nilikuwa naandika 171 ya leo Mhandisi alipoingia na mwavuli.

"Binti, unafanya nini?"

"Narekebisha, mzee. Tuta linatoa tope."

Alikaa kwenye kiti cha wageni, yeye ambaye hukaa kwenye kiti chake tu.

"Nilikuwa na umri wako nilipoichora ile ramani," alisema. "Uliiona, najua, hukuikunja kama ilivyokuwa. Palikuwa pakavu, vumbi hadi kifundoni, akina mama wanapita na vikapu vyao. Wewe ungechora nini?"

"Njia."

"Basi."

"Lakini mvua ilipokuja ningerudi kutazama."

Alinitazama bila hasira. "Ungerudi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mimi niliyapita maji yale asubuhi na jioni kwa siku sita, na kila asubuhi nikaandika hayapo. Mzee yule nilimwona tangu mwanzo kama mtu asiyefanana nami hata kidogo: ametulia, ana cheo, ana chupa ya chai. Leo nilimwona kama mimi, baada ya miaka ishirini na minane ya kusema "sawa, mzee."

Nilichana majani: ya njano ya siku nne ambazo meupe yake mkaguzi alikwisha yachukua, na meupe ya siku tatu zilizofuata. Akanisogezea mwavuli wake juu ya meza.

"Karatasi isilowe," alisema.

Nilimkuta mkaguzi ofisini kwake akimenya chungwa. Nilimwekea majani mezani. Alipitisha kidole, akasimama kwenye 104.

"Wino haujakauka."

"Ndiyo, mama."

"Haya marekebisho umeyafanya leo."

"Leo asubuhi. Vipimo ni vya siku zenyewe, niliviandika mahali pengine." Nikampa na daftari hili. Aliligusa bila kulifungua.

"Kwa hiyo ulijua kuandika ukweli, ila ulikuwa unauandikia wewe mwenyewe."

Alikwisha simama na simu sikioni. Chungwa alilibakiza nusu.

Saa saba kasoro katapila likang'ata lami mpya, hatua hamsini kutoka kwenye ngazi, pale ambapo nyapara alikuwa amepanga mifuko ya mchanga kuyaelekeza maji kwenye mtaro mkubwa. Lami ile nyeusi iliinuka vipande vipande kama ukoko kwenye sufuria. Watu wa pande zote mbili walisimama mvuani wakitazama. Maji yalipopita kwenye mfereji ule hayakuruka wala kunguruma. Yalikwenda kama mtu aliyezuiliwa mlangoni muda mrefu na sasa ameruhusiwa. Saa kumi ngazi tisa zilikuwa zimechomoza, zina utelezi wa kijani. Hakuna aliyekufa. Naandika tena: hakuna aliyekufa. Na hiyo ni hakuna ya kweli.

Jumatano, 23 Aprili

Nililala kwa muda wa saa kumi na tatu. Mvua milimita 9.

Alhamisi, 24 Aprili

Bondeni nimekuwa mtu. Wamesikia kwamba ni karani ndiye aliyekimbia na karatasi kwa mkaguzi. Mama wa nyumba ya kona amenishika mikono yote miwili. Shangazi ananitembeza kama mwali: "Huyu huyu! Mtoto wa kaka yangu!" Mke wa Mawimbi ameleta salamu kutoka hospitali, kwamba fundi anasema nikienda nimpelekee betri, na kwamba ananishukuru.

Betri nimenunua. Kwenda sijaenda.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimehojiwa na watu watatu. Niliulizwa ni nani aliyeniambia niandike hakuna. Nilisema mwandiko ni wangu. Mmoja akacheka, akasema Mhandisi ametangulia kuhojiwa na ameeleza kila kitu: ramani, mlango uliofungwa, agizo. Amesimamishwa. Nami nimesimamishwa. Nyapara alikuwa nje akisubiri zamu yake, kofia mapajani.

"Wewe wanakuuliza nini?" nilimwambia. "Wewe hukuandika kitu."

"Ndicho watakachoniuliza," alijibu.

Jioni nikamwambia shangazi yote, hadi mstari wa Jumatatu. Alikuwa anakausha godoro. Aliendelea kulipiga fimbo muda mrefu baada ya mimi kunyamaza.

"Kwa hiyo nilipokuuliza kama wanajua..."

"Nilikudanganya, shangazi."

Alilipiga godoro tena mara mbili. "Mawimbi usimwambie. Maji yakimwagika hayazoleki. Mguu wake hautaungwa na maneno yako, na sisi na wale tunatumia ukuta mmoja."

"Ukuta haupo, shangazi."

"Utajengwa!" alisema kwa ukali. "Ukimwambia, utajengwa na nani?"

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku ya ufunguzi. Kwenye Kipande kuna mtaro wazi na kizuizi cha mapipa mawili.

Nilikwenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Nilipeleka betri. Mawimbi amelazwa kitanda cha dirishani, mguu umening'inizwa kwa uzito, na kwenye blanketi ana redio ndogo aliyokwisha ifungua.

"Karani wa lami! Nasikia umetupasulia barabara nzima. Sasa umekuwa karani wa kitu gani?"

Wagonjwa wa jirani wakacheka. Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimepanga sentensi tangu asubuhi, nzuri, zenye mwanzo na mwisho. Zote ziliniacha.

"Fundi, nilikuwa najua. Maji yalipita mita moja Jumanne ile, na siku ile ile nilitakiwa kumwarifu mkaguzi. Niliandika hakuna maji."

Kicheko kilimganda mdomoni, kikaondoka taratibu.

"Mara moja?"

"Siku sita."

"Ukuta wangu ulianguka siku ya ngapi?"

"Ya tano."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu, vidole vyake vilivyokuwa vimeshika nyaya vilisogea kimoja kimoja juu ya blanketi, hadi cha tano. Halafu kimoja kikasogea tena.

"Na ya sita ukaandika nini?"

"Hakuna."

Aligeuza uso dirishani. Nikageuka kuondoka, maana nilidhani ndilo jibu, na kusema kweli nilikuwa nalitamani liwe hilo.

"Unakwenda wapi?"

"Nilidhani..."

"Kaa."

Nikakaa kwenye kiti cha chuma kando ya mguu wake. Hakunitazama. Alichukua redio yake akaanza kuifunga, skrubu moja baada ya nyingine. Sikumwomba msamaha; nilihisi nikimwomba nitakuwa nimemtwika kazi nyingine. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Watu waliinuka, viti vikakwaruza sakafu, muuguzi akapita kitanda kwa kitanda hadi kwetu, akanigusa bega.

"Muda umekwisha, dada."

"Huyo mwache," alisema Mawimbi, bado kaangalia nje. "Hatujamaliza."